Barua kwa mwanangu: ile flashi yako nimeisikiliza yote

Mwanangu, shikamoo yako nimeipata kwa mdogo wako, marahaba, ila ungepiga mwenyewe ingeninogea zaidi. Huku hatujambo. Goti la mama yako limetulia kidogo, mvua zimeanza na njia ya kushukia kwetu huku Nyakato, Mwanza, imegeuka mtaro kama kawaida yake. Najua ukiona meseji ndefu hivi kutoka kwangu utadhani kuna msiba, hakuna msiba, kaa usome tu, nimeanza tangu juzi nafuta naandika nafuta.

Ni hivi. Ile flashi yako nyeusi uliyoiacha kwenye droo, dogo ninayemfundisha kuchomelea pale bandani kwangu aliichukua akijua ina singeli, akaichomeka kwenye subufa pale kazini, zikapiga zako mbili tatu za bongo fleva vizuri tu alafu ikaingia ile albamu yako ya makelele. We unaijua. Ile inayoanza kama kuna mtu anapigwa mahali, pa, pa, pa, inaongeza kasi, alafu mashine zote zinawaka kwa mpigo mmoja. Niliitambua palepale maana ndio ileile iliyonifanya nichomoe waya ukutani Desemba, nikakwambia nyumba hii sio kilinge cha waganga, na we ukaondoka kwenda Dodoma bila kuniaga ya kuniaga. Dogo alivyoniona usoni akanyoosha mkono azime. Nikamwambia acha.

Basi ikaenda. Nyimbo 14, saa moja na dakika tano hivi, na pale bandani unajua hakuna anayesikiliza kitu kimya kimya, kila mtu ni mtangazaji. Dereva wa fuso aliyeleta nondo ndio alianza, akasema hii sio muziki, hata mtoto ukimpa sufuria na mwiko anakutolea hii, tena bure. Dogo akamjibu sufuria haina besi. Yule mzee jirani, aliyekaa miaka kwenye kinu cha pamba kabla hakijafungwa, unamkumbuka alikuwa anakupa karanga, yeye alikaa kwenye benchi kimya mpaka wimbo kama wa sita ndio akasema hawa wamekwenda kurekodi kinu. Nikamwambia hapana mzee, ni Wamarekani hawa, wanatumia kompyuta. Akasema sawa, lakini kinu kikiwa kizima kinaimba, unaweza ukalala pembeni yake, kikianza kukatika meno ndio kinalia hivi, huyu karekodi kinu kibovu na anajua ni kibovu. Mi nimeona mzee ndio kasema kuliko wote, na hajui hata neno moja la Kiingereza.

Baadae nikampigia mtoto wa shangazi yako, yule anayepigapiga disko Kirumba, nikamuuliza hawa watu ni nani. Alicheka mpaka nikataka kukata simu. Akaniambia anko, hiyo inaitwa The Downward Spiral, ni ya Nine Inch Nails, imetoka Machi 1994, yani we mwanangu hujazaliwa na mi nilikuwa bado mwanafunzi wa kushika bomba kwa fundi wangu. Kumbe hiyo Nine Inch Nails sio kundi la watu wengi kama nilivyofikiri, wakati huo karibu kila kitu kilikuwa ni jamaa mmoja tu, Trent Reznor, anaita watu wa kumsaidia, mmoja anaitwa Flood alimsaidia kwenye kutengeneza, mwingine Adrian Belew akapiga magitaa. Na kilichonikamata mimi ni kwamba huyo jamaa kabla ya kutoka alikuwa mfagiaji wa studio huko Cleveland, anafagia mchana alafu usiku mitambo ikiwa haina mtu anarekodi vya kwake mpaka akapata albamu ya kwanza ya 1989. Nikamwangalia dogo na fagio lake nikasema hapa bandani kwangu inawezekana kuna mtu ananiibia umeme usiku.

Huo muziki wenyewe wanauita indastrio, na umeanzia mbali kuliko huyu, kuna watu wa Uingereza walifungua lebo mwaka 1976 wakaiita hivyohivyo, na Wajerumani wa Berlin wakawa wanapiga mabati na drili na vyuma vya kuokota kwenye majengo. Sasa hapo nikakaa chini. Mi kazi yangu miaka yote ni kusikia grenda ikila chuma, nikifika nyumbani nataka kimya au nipigie Jim Reeves, alafu kuna watu wanalipia hela kusikiliza grenda! Ila nikawaza na wazee wetu pia, bugobogobo yetu Wasukuma si ngoma ya jembe, si kazi ileile ya shambani imewekewa ngoma watu wakarusha majembe juu, na sisi tunaenda Bujora kwenye sherehe za ngoma mwezi wa sita kubishana yale makundi mawili, Bagika na Bagalu, nani mkali. Basi labda na hawa jembe lao ni mashine. Labda, sijui, nimefikiria tu nikiwa nachomelea.

Dogo yeye amechanganyikiwa kabisa na ule wimbo wa nne, ule wa mbio. Alikuwa anagonga ganda la weldingi kwenye geti la mteja akataka aende nao sawa, nyundo ikawa inatua pabaya kila mara, anaachwa, anarudi, anaachwa. Akaweka geti pembeni akakaa kwenye kile kipande cha reli, akahesabu kwa mdomo, akachukua chaki akaandika kwenye bati 7 7 7 8. Akaniita fundi njoo, nikaenda, akapiga reli kwa nyundo ndogo, saba, saba, saba, alafu ya mwisho inabebwa moja zaidi ndio inatua. Kila ukidhani umeukamata mguu unaongezwa ngazi moja. Tuliugonga pale kama robo saa mteja anatuangalia, na siku hiyo nilipoteza oda ya grili mbili, nakwambia ukweli. Mwanangu kuna kazi pale ndani. Mtu anayepiga kelele ovyo hahesabu mpaka 29.

Wanawake nao walikuwa na yao. Mama wa chai kila akipita anauliza huyu kaka analilia nini, kafiwa? Ilivyofika ya kumi, ile isiyo na maneno, akatua chupa chini akasimama mpaka ikaisha, akasema mbona hii nzuri mmeificha katikati ya makelele. Dereva wa fuso, ambaye alikuwa ameshashusha nondo zote na hana kazi tena pale, akasema ndio maana imekuwa nzuri mama, ungeipata peke yake redioni ungebadilisha stesheni. Yani yule yule wa sufuria. Nilivyomwambia kwamba wiki ya kwanza tu hii kitu iliingia namba mbili Marekani nzima, na iliyoizidi ni ya Soundgarden iliyotoka siku hiyohiyo, akatikisa kichwa akasema kwa hiyo wale matajiri wana huzuni kiasi hicho?

Mama yako msimamo wake unaujua, ni mapepo, na sijabishana nae. Na mi sitakuficha, kijana wa shangazi alinitafsiria maneno na kuna mahali sikupenda na sitapenda. Wimbo wa tatu anamkana Mungu waziwazi. Wa tano ule kila mtu anaouimba kumbe maneno yake ni aibu tupu, hizo mbili usizipige mdogo wako akiwa karibu, hilo halina mjadala. Alafu kuna habari ya ile nyumba aliyorekodia, Los Angeles, ndio ile walipouawa watu mwaka 1969, yule mwigizaji Sharon Tate akiwa mjamzito. Jamaa alipanga humo akaweka studio, na ilipokaribia kubomolewa akang'oa mlango wa mbele akaenda nao kuufunga kwenye studio yake nyingine New Orleans. Mi fundi wa milango, mwanangu, nimefunga milango mingi kwenye nyumba za watu, ule nisingeugusa. Mwenyewe baadae alikutana na dada wa marehemu, huyo dada akamuuliza kama anatumia kifo cha ndugu yake, na jamaa alikiri alirudi nyumbani akalia. Angalau alilia.

Sasa wa mwisho, Hurt. Huo sikuhitaji mkalimani, kwa sababu nilikuwa naujua! Nimeusikia redioni sijui mara ngapi nikijua ni wa Johnny Cash, nikijua ni kantri, kumbe babu wa watu aliuimba 2002 akiwa na miaka 70 na mwaka uliofuata akafariki, na mwenye wimbo alipoiona video yake alisema ni kama sio wake tena. Mimi nasimama na Cash, samahani. Sauti ya mtu mzima inayotetemeka inanitosha, haina haja ya zile kelele za mwishoni. Ila kuna kijana mvuvi wa Igombe huwa anakuja kuchomelewa kishikio cha injini, yeye alinikatalia, akasema kelele za mwishoni ndio penyewe, ukiwa ziwani usiku injini ikazimika ghafla ndio unausikia upepo, ulikuwepo muda wote ila injini ilikuwa inakufichia. Nimemwachia point yake. Mama yako, by the way, ule wa Cash anaupenda sana, anauhum akikaanga sato. Sijamwambia na we usimwambie.

Haya, nimezunguka sana na ninachotaka kukuandikia bado.

Ule wa kumi na mbili. Ule unaoanza na mashine zinasaga polepole alafu vyuma vinagongana. Desemba ulikuwa unapiga ule, sauti juu, umefunga mlango, na mi nilikuwa nje navua viatu. Mapepo nilikuja kuyasema baadae kwa sababu ndio neno lililokuwa karibu mdomoni. Ukweli ni mwingine na sijawahi kukwambia kwa sababu nyumbani hatuisemi. Baba yako mkubwa, unajua alikufa ajali ya meli, unajua kaburi lake liko Igoma na wenzake wa MV Bukoba. Ilikuwa 21 Mei 1996, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ile meli ilipinduka lakini haikuzama hapohapo, tumbo lilibaki juu ya maji, na mjini ikaja habari kwamba watu wako hai ndani na wanagonga. Wanagonga chuma kutoka ndani, mwanangu. Walipotoboa ili wawatoe, hewa ikatoka na meli ikaenda chini. Mi sikuwepo pale, nilikuwa bandarini na babu yako tunasubiri, lakini kwa fundi wangu kesho yake nilipewa nyundo nigonge bomba na sikuweza. Nilikaa karibu mwezi siwezi. Mpaka leo chuma kikigongwa polepole, kwa mbali, upande wa pili wa ukuta, sipo sawa. Kazini hapana, kazini nakiona kinachogongwa.

Ndio hiyo. We hukuwa na kosa. Nilichomoa waya kwa hasira za mwaka 1996 nikakupa wewe.

Na hii albamu nimeisikiliza mara tatu sasa, ya mwisho peke yangu usiku baada ya kufunga banda, ya kumi na mbili nikaiacha ipite, mikono nimeikalia. Nimeelewa ni habari ya mtu mmoja anayejivunja kidogo kidogo, anasukuma watu, anamsukuma Mungu, mpaka wimbo wa kumi na tatu anafika mahali ambapo mzazi hataki kabisa kusikia sauti ya kijana imefika. Kwa hiyo nina swali na sitaki unijibu kwa meseji. Zile usiku ulizokuwa unaisikiliza na hedifoni mpaka saa nane, nikipita kwenda chooni naona mwanga chini ya mlango, ulikuwa unapenda muziki tu kama dogo na saba saba zake, au kuna kitu? Ikiwa ni muziki nitafurahi na tutabishana hadi asubuhi. Ikiwa kuna kitu, sikupigii kelele, nakuja Dodoma, nauli ninayo. Huyo jamaa mwenyewe alizama kwenye pombe na madawa baada ya hapo akaja kupata matibabu 2001, leo ana mke na watoto na tuzo mbili za Oscar za muziki wa filamu, moja ni ya katuni kabisa. Kwa hiyo mtu anaweza akaimba vile na akatoka. Lakini hakutoka peke yake, alisaidiwa.

Jumapili nipigie baada ya ibada, mama yako anakuwa kwenye vikoba na tutaongea bila mtu.

Kesho asubuhi nakupandishia mzigo basi la kwanza pale Nyegezi. Kuna michembe kilo tatu, dagaa wamekaushwa vizuri sio wale wa mchanga, na flashi yako nimeifunga kwenye kitambaa cha bluu ndani ya michembe, usije ukaichemsha. Dogo ameshakopi. Namba ya kondakta ntakutumia wakishaondoka.

Baba yako