Usimpokonye bibi ungo wake

Mwanangu mpendwa,

Habari za Dodoma? Huku Machame hatujambo. Pesa ya dada wa kazi nimeipata, ubarikiwe. Ila lile neno lako la kwenye simu, kwamba dada akishafika bibi asiguse tena kitu, hilo nalikataa.

Bibi yako ana ugonjwa wa Alzheimer, huu wa ubongo unaoleta kusahau. Yaliyomtoka mapema ni yale yenye hatua nyingi: kutuma pesa kwa simu, kupanga dawa zake za presha, kwenda sokoni akarudi na chenji kamili. Kuvaa bado anavaa, mradi umpe nguo moja moja: gauni, halafu sweta, halafu khanga. Ukimrundikia zote kitandani anabaki kuzitazama tu. Lakini ukizoea kumvalisha, hata hicho alichobaki nacho kitampotea upesi. Jana kachambua maharage ungo mzima. Mabovu mengine aliyapita, nikayatoa alipolala. Hasara iko wapi?

Babu yako mdogo ana lake. Yeye ni mishipa ya damu ya kichwani, tangu kile kiharusi. Anakaa miezi hali ileile, mara ghafla anashuka, kisha anatulia tena. Madeni ya watu anayakumbuka yote (ndiyo maana wanamkwepa!), ila kuanza kazi mwenyewe hawezi, na mguu anauburuza. Huyo anahitaji presha isimpande na kitu cha kushikilia chooni. Kumkumbusha majina ya watu ni kumchosha bure.

Na yule mzee jirani, leo anafunga vifungo vya shati mwenyewe, kesho kijiko kinamshinda, na sebuleni anaona watoto ambao hawapo. Wapo wanaosema anajifanya, wapo wanaosema karogwa. Daktari kasema ni ugonjwa wa Lewy, nao ni wa ubongo, akaonya kabisa: dawa za kutuliza wagonjwa wa akili, kama haloperidoli, zinaweza kumdhuru vibaya. Ndiyo maana naudhika mtu akiniambia "ni uzee tu" kisha akataka wote wahudumiwe namna moja.

Shangazi yako naye anadai ni laana ya ukoo. Mwaka 2010 watafiti walipita vijiji vya wilaya yetu hii ya Hai wakiwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta kama 6 katika kila 100 wana magonjwa haya ya kusahau. Ukoo gani huo?

Basi dada aje. Mwambie mapema kwamba bibi akichukua nusu saa kuoga, asubiri mlangoni, asimkimbilie na kopo. Jiko la gesi ndilo asimwachie.

Ukija Krismasi usimwulize "bibi, unanijua?" Mtajie jina lako, ukae naye mmenye ndizi. Na mletee viatu visivyo na kamba, namba 39. Hivi vya kufunga vimeshamshinda.

Mama yako