Kaka, ukurasa wa pili hukuufungua

Kaka, shikamoo.

Msibani tulipeana mikono kwa sababu watu walikuwa wanatutazama. Simu zangu hupokei, basi soma hapa, na wanaosoma wasome.

Binti, mpwa wako, alikuletea mezani karatasi yake ya mtihani wa kalkulasi, ile hisabati ya chuo, 41 kwa 100. Ukatupia jicho alama, ukaikunja mara nne, ukamrudishia. "Uhandisi si wa kila mtu. Hamia kozi nyingine." Kisha ukaomba chumvi. Ukurasa wa pili njia yake ilikuwa sahihi hadi mstari wa mwisho, alikosahau alama ya kutoa. Wewe, mhadhiri wa hisabati huko huko Marekani anakosoma yeye, hukufika hapo.

Na habari za Uri Treisman, yule mtu wa hisabati, unazijua kunishinda. Miaka ya 1970 pale Chuo Kikuu cha Berkeley, California, walimu walidhani wanafunzi weusi wanafeli kalkulasi kwa kukosa ari, au kwa sababu ya umaskini wa kwao. Yeye akaenda kuwaangalia wanavyosoma. Bidii walikuwa nayo, ila kila mtu alijifungia peke yake, wakati wenzao wa asili ya Kichina walisoma pamoja na kukosoana. Akaunda vikundi, na humo hakugawa maswali mepesi, aligawa magumu. Wakafaulu. Chuo kikuu cha UMBC, kule Maryland, wana mpango wa Meyerhoff tangu 1988: vijana wanakutanishwa majira ya joto kabla ya mwaka wa kwanza, wanasoma kwa vikundi, wanaingizwa mapema kwenye utafiti.

Wewe mwenyewe ulipita vipi? Usiniambie kipaji, nilikuwepo. Mlikuwa watano, asiyeelewa anatukanwa huku anaelekezwa mpaka aelewe. Na ada ya muhula wa mwisho unajua aliyeituma.

Eti mimi ndiye niliyemtia binti kiburi. Nilimwambia asihame, na leo ningemwambia hivyohivyo. Nilimwambia aende na karatasi ileile kwa mwalimu wake, saa za ofisi, kisha atafute wenzake wa kusoma nao. Darasa zima mweusi ni yeye tu. Kumfuata mgeni na kumwambia "tusome wote" si mchezo. Hiyo ni kazi ya chuo, kuwakutanisha. Lakini mwenye mjomba profesa angesubiri chuo kwa nini?

Hajakusema vibaya hata siku moja. Ninayekusema ni mimi. Somo analirudia Agosti, lilelile unalowafundisha watoto wa watu kila mwaka. Namba yake unayo, na Jumatano jioni hana kipindi.