Mgonjwa mnamuombea, anayemuuguza je?

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua, najua kuna mambo makubwa ya nchi yanasubiri ila na hili nalo lina watu wake, tena wengi, sema hawana muda wa kuandika maana saa hizi wako jikoni wanapasha uji wa mgonjwa.

Mi namuuguza mama yangu mzazi. Alianguka Juni 2022 akiwa anachambua mchele, kiharusi, upande wa kulia wote ukapooza na maneno yakapotea, akabakiwa na "ee" na "hapana" na jina la marehemu baba. Mama huyu ndo alikuwa anashuka na matenga ya kabichi na karoti kutoka Mgeta kuja kuuza hapa Morogoro mjini, sisi wanne tumesoma kwa hizo karoti. Sasa hivi kijiko hawezi kukishika. Mimi ndo kitinda mimba, sina mume, nina mtoto mmoja na cherehani, kwa hiyo kikao cha familia hakikuchukua hata nusu saa, wakasema "huyu yuko huru", nikakabidhiwa mama. Hakuna aliyeniuliza. Na kusema kweli hata wasingenikabidhi ningemchukua mwenyewe, mama ni mama, ila kuchukua ni kitu kimoja na kutupiwa ni kingine.

Kilichonifanya nishike kalamu ni tarehe 11 Februari. Kanisa Katoliki siku hiyo tunaadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, aliianzisha Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992 na ikaadhimishwa mara ya kwanza 1993, na yeye mwenyewe miaka yake ya mwisho wote tulimuona anavyotetemeka kwa Parkinson mbele ya dunia nzima bila kujificha, ndo maana naipenda sana siku hii. Nikakodi bajaji nikampeleka mama. Misa ilikuwa nzuri mno, wagonjwa wamekaa mbele, padre anapita kwa mmoja mmoja anawapaka mafuta kwenye paji la uso na viganja, mama alipopakwa akasema "ee" kwa sauti mpaka watu wakacheka. Sisi tuliowaleta tulikuwa tumesimama nyuma ya viti vyao, kila mtu na mfuko wake wa pampasi na chupa ya maji. Pembeni yangu kuna mama mmoja alikuwa anasinzia amesimama, nikamshika kiwiko asije akamuangukia mgonjwa wake. Wakati wa matangazo ikashukuriwa kwaya, wakashukuriwa waliopamba altare, waliotoa soda, kila mtu. Wauguzaji hatukutajwa. Sio kwamba nataka kupigiwa makofi Mhariri, makofi hayafui mashuka, ila nilirudi na donge.

Sisemi jumuiya yetu ya kanisani hawaji. Wanakuja Alhamisi, tunasali rozari, wanamuimbia mama nyimbo za Bikira Maria na analia kwa furaha kabisa, Mungu awabariki kwa hilo. Halafu wanakaa, na mgeni ni mgeni, nainuka nachemsha chai, wakishaondoka naosha vikombe kumi na tano huku pampasi ya mama imeshajaa muda mrefu. Mlangoni wananiambia "dada ukihitaji chochote usisite", halafu kuna mmoja lazima aongezee "huo ndo msalaba wako, ubebe kwa furaha".

Sasa hilo la msalaba. Ijumaa iliyopita nimebahatika kutoka, nikaenda Njia ya Msalaba, tulivyofika kituo cha tano nikajikuta nimesimama wakati wenzangu wote wamepiga magoti. Simoni wa Kirene. Nimekisikia kituo hiki toka nasoma mafundisho ya komunyo lakini siku hiyo ndo kiliniingia, mtu anatoka zake shamba, hana hili wala lile, askari wanamkamata wanamtwika msalaba usio wake. Yaani Yesu mwenyewe, Mwana wa Mungu, hakuachwa aubebe msalaba peke yake mpaka Golgota, halafu tunataka dada mmoja wa Kihonda aubebe peke yake na atabasamu juu!

Na ukifungua Marko sura ya pili, yule mgonjwa wa Kapernaumu alikuwa amepooza kama mama yangu, na Marko anataja idadi kabisa kwamba alibebwa na watu wanne. Ukishawahi kumnyanyua mtu aliyepooza huulizi kwa nini wanne, mwili haukusaidii hata kidogo, ni kama gunia la mpunga lililoloa. Wakakuta nyumba imejaa, wakapanda naye juu, wakatoboa dari. (Mi hujiuliza ile dari nani alikuja kuilipia, ila hayo tuyaache.) Halafu imeandikwa Yesu aliiona imani yao. Yao, sio yake. Kila siku tunasikia mahubiri kuhusu imani ya mgonjwa, mara aamini atapona, mara hana imani ndo maana haponi, ila wale wanne waliotoka jasho sijasikia mtu anawahubiri, hata kama walikula siku hiyo hatujui.

Kuna jambo niliwahi kulificha sana na leo naliandika kwa sababu najua kuna mtu analo. Mwaka wa pili wa kuuguza kuna usiku mama alichafuka mara tatu, maji yamekatika, mtoto ana homa, nikakaa chini pale kwenye sakafu nikamwambia Mungu mchukue huyu mama au nichukue mimi. Nikashtuka mwenyewe. Wiki nzima sikupokea komunyo, nikaona mi ni muuaji kabisa. Nilivyoenda kuungama nilitegemea padre atanichapa maneno, akaniuliza tu "unalala masaa mangapi?" Nikamwambia mawili, matatu, hayajawahi kufika matano. Akanyamaza, akaniambia hata Eliya alimuomba Mungu afe, na Mungu hakumgombeza, alimwacha alale akampelekea mkate na maji. Malipizi aliyonipa sijawahi kuyasikia kwa mtu, kwamba Jumamosi nitafute mtu wa kukaa na mama, mi nilale masaa manne, na nisifue kitu.

Nikamtafuta wapi sasa huyo mtu? Aliyekuja ni bibi jirani yangu, Mwislamu, yeye mwenyewe alimuuguza mume wake miaka saba. Hakusema ukihitaji niite. Alikuja saa nne na mkeka wake na tasbihi, akaniambia "mwanangu nenda kalale, huyu mwenzangu tutaongea", mama na "ee" yake na bibi na habari zake za zamani, wakamaliza asubuhi nzima. Mpaka leo kila Jumamosi. Wa pili kwenye wanne wangu ni dereva wa bajaji, kijana wa hapa mtaani, anamnyanyua mama mwenyewe mpaka kitini siku za kliniki na hela ya kunyanyua hadai. Wa tatu mwanangu, ana miaka kumi na mbili, anamsomea bibi yake Injili ya siku kila jioni.

Wenzangu mnaouguza, mi sio nesi ila haya nimeelekezwa hospitali na yamenisaidia. Mgeuze kila baada ya masaa mawili, vidonda vya kulalia vinaanza na wekundu tu kwenye visigino, nyonga na juu ya makalio, ukichelewa vinachimba mpaka ndani. Kwa ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone, gusa, ukisikia pamekuwa pa moto au pagumu ujue tayari. Usimvute kwa kumshika kwapani, mlaze juu ya shuka lililokunjwa mara mbili mvute kwa shuka, na wewe kunja magoti usikunje mgongo, mi mgongo wangu ulikufa kabla sijaambiwa hili. Uji mpe amekaa wima, kijiko kidogo kidogo, umsubiri ameze, akipaliwa unaweza kuingia kwenye mapafu. Na ukichoka sema umechoka. Sio dhambi na sio kukosa imani, ni mwili, hata Bwana alilala kwenye mashua na dhoruba inapiga.

Kwa kaka na dada zetu mlioko mbali, jamani. Kwenye grupu letu la familia WhatsApp nikiandika mama leo hajala inajaa mikono ya kuomba, mikono kumi na nne nimeihesabu. Kaka yangu mmoja aliahidi mabati ya kanisa huko aliko na kutangazwa akatangazwa, wakati pampasi za mama nadaiwa dukani. Simchukii, ila asome Marko sura ya saba pale Yesu anapowasema waliokuwa wanawaambia wazazi kile ningekusaidia nacho ni Korbani, nimeshamtolea Mungu. Na sio hela peke yake, hela naweza kushona nikapata. Njoo wiki moja kwa mwaka, ulale chumba cha mama wewe, mi nikalale nyumba nyingine nisisikie anavyokohoa.

Na jumuiya, Alhamisi hii mkija njooni na chai kwenye chupa na vikombe vyenu. Mmoja aanze kufua wakati wengine wanaimba. Wa nne wangu bado sijampata, pengine anasoma gazeti hili na nyumba ya tatu kutoka kwake kuna mtu kama mimi, asisubiri kuitwa, sisi hatuiti, tumeshasahau kuita.

Imefika saa tano usiku, nikamgeuze mama.

Muuguzaji,
Kihonda, Morogoro