Kilicho bora katika Ayurveda hakimo kwenye chupa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji niseme machache kuhusu yoga na tiba ya Kihindi iitwayo Ayurveda, mambo ambayo kwa miaka ya karibuni yameenea sana katika miji yetu. Wengi wetu tumeyafahamu kupitia matangazo. Huku tunaonyeshwa picha za watu wakijikunja ufukweni, na huku tunauziwa chupa za vidonge na unga unaodaiwa kusafisha damu, kupunguza tumbo, kuponya kisukari na kurudisha nguvu za kiume. Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliwahudumia wagonjwa wa shinikizo la damu, wa kisukari na wenye maumivu ya mgongo. Naandika kwa sababu naamini kwamba elimu hii ina sehemu yenye manufaa makubwa kwa familia ya kawaida, na kwamba sehemu hiyo ndiyo isiyotangazwa, kwa kuwa hakuna awezaye kuipangia bei.

Sehemu hiyo ni utaratibu wa siku. Katika Ashtanga Hridaya, kitabu cha kale cha mganga Vagbhata, sura ya pili inahusu mwenendo wa siku na ya tatu mwenendo wa majira, kabla mwandishi hajafika kwenye tiba ya ugonjwa wowote. Mtu anaelekezwa aamke kabla ya jua kuchomoza, aende haja, asugue meno kwa kijiti kichungu, ajipake mafuta mwilini, hasa kichwani, masikioni na kwenye nyayo, afanye mazoezi, kisha aoge. Mazoezi yenyewe yamewekewa mpaka: mtu atumie nusu ya nguvu zake tu, na hasa wakati wa joto apunguze zaidi. Ningependa sana agizo hilo liwafikie vijana wanaoanza mazoezi kwa pupa mwezi wa kwanza na kuumia magoti kabla ya mwezi wa pili kwisha.

Charaka Samhita, kitabu kingine kikubwa cha elimu hii, kinataja mahitaji 13 ya mwili ambayo mtu hapaswi kuyazuia, yakiwamo haja ndogo na kubwa, chafya, miayo, njaa, kiu, machozi na usingizi. Nilipoisoma orodha hiyo niliwakumbuka akina mama wauzao sokoni na wanafunzi wa kike katika shule zisizo na vyoo vya kutosha, ambao hujibana tangu asubuhi hadi jioni na hata maji hawanywi ili wasihitaji choo, kisha tukawapokea zahanati wakilia kwa maumivu ya njia ya mkojo. Kuupa mwili haki yake kwa wakati wake hakuhitaji dawa kutoka ng'ambo. Kunahitaji choo safi, na mwajiri au mwalimu asiyemkaripia mtu kwa kuomba ruhusa.

Mengi katika utaratibu huo hayatakuwa mageni kwa mtu wa pwani. Kujisinga kwa mafuta na manukato tunakujua, ingawa tumekuachia maharusi. Mwarobaini, ambao asili yake ni Bara Hindi, umeota nyuma ya nyumba zetu, na wazee wengi bado huuchuma mswaki. Tena Charaka, anayetajwa kuwa mwandishi wa kitabu hicho, anafundisha kuwa tumbo ligawanywe sehemu tatu, moja ya chakula kigumu, moja ya vinywaji, na moja iachiwe nafasi ya mwili kufanya kazi yake, na msomaji Mwislamu atakumbuka mara moja hadithi ya Mtume kuhusu theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Sidai kwamba fundisho moja limetokana na jingine. Ninachosema ni kwamba mtu anayeuona utaratibu huu kuwa wa kigeni na autazame tena.

Jikoni ndiko ambako mabadiliko ni rahisi zaidi. Ayurveda inataka mlo mkubwa uwe wa mchana, wakati mmeng'enyo una nguvu, na mlo wa jioni uwe mwepesi na wa mapema. Sisi mijini tumeupindua mpango huo, kwani asubuhi tunakunywa chai na andazi, mchana tunakula chochote kilicho karibu na kazini, halafu saa tatu au saa nne usiku tunakaa mbele ya sahani kubwa ya ugali au wali na kulala mara baada ya kunawa. Kiungulia ambacho watu wengi wanakimezea vidonge kila usiku mara nyingi kinaanzia hapo. Jaribuni wali uliopikwa pamoja na choroko, ukiungwa kwa tangawizi, bizari nyembamba na manjano kidogo, uliwe saa moja jioni, kisha mtembee kidogo mtaani kabla ya kulala. Kila kimoja katika hivyo kinapatikana gengeni.

Sikubaliani na kila kitu, na nadhani si lazima kukubaliana. Nadharia ya nguvu tatu za mwili, yaani vata, pitta na kapha, ni namna ya kale ya kuwapanga watu na maradhi, na vipimo vya hospitali haviitambui. Samli, ambayo vitabu hivyo vinaisifu mno, sitamshauri mgonjwa mwenye mafuta mengi kwenye damu aiongeze kwa sababu tu Vagbhata ameisifu. Hata hivyo mtu anaweza kuiacha nadharia yote na bado akafaidika kwa kulala mapema.

Kuhusu yoga, inafaa tukumbuke kwamba kuifikisha nyumbani kwa watu wa kawaida ni kazi ya karne iliyopita. Mwaka 1918 mwalimu Yogendra alifungua taasisi ya yoga huko Bombay, ambayo leo ni Mumbai, akitaka watu wenye ndoa, kazi na watoto wafundishwe elimu iliyozoeleka kuwa ya watawa walioikimbia dunia. Baadaye B.K.S. Iyengar, aliyekuwa mgonjwa na dhaifu utotoni, alitumia viti, mikanda, mablanketi na vipande vya mbao ili hata wazee na wenye viungo vigumu waweze mikao ambayo bila msaada isingewezekana. Hiyo ndiyo yoga ninayoiombea nafasi katika nyumba zetu. Mkeka unatosha, leso inafaa kuwa mkanda, na ukuta wa sebuleni unamshika mzee asianguke.

Kwa anayeanza, robo saa asubuhi inatosha. Aketi wima na kupumua taratibu kwa pua, akiitoa pumzi polepole kuliko alivyoivuta; kisha apige magoti na viganja vikiwa chini, aupandishe na kuushusha mgongo kwa kufuata pumzi; asimame na kunyoosha mikono na ubavu; mwisho alale chali kwa dakika chache bila kufanya lolote. Hakuna haja ya kusimama kwa kichwa, na mjamzito, mwenye presha ya macho au mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa asijaribu kabisa kusimama hivyo wala kubana pumzi kwa muda mrefu. Kwa maumivu sugu ya kiuno, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribiwa kabla ya dawa. Nafuu yenyewe si ya miujiza, lakini mtu aliyezoea kumeza vidonge vya maumivu kila siku, huku figo zake zikiumia, anajua thamani ya nafuu hata iwe ndogo.

Najua swali linalowazuia wengi, nalo ni la dini. Ni swali la haki na halipaswi kubezwa. Yoga imekulia ndani ya ibada na falsafa ya Wahindi, na hatua nane za Patanjali, mwandishi wa kale wa falsafa ya yoga, zina lengo la kiroho lililo wazi. Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga mwaka 2008. Wanazuoni wa Indonesia mwaka uliofuata waliikataza ile yenye maneno ya ibada na kuiruhusu iliyo mazoezi tu. India yenyewe, ilipoadhimisha Siku ya Kimataifa ya Yoga kwa mara ya kwanza tarehe 21 Juni 2015, iliiondoa salamu ya jua, yaani mfuatano wa mikao ya kulisalimu jua, katika ratiba rasmi baada ya viongozi wa Waislamu kulalamika, na Saudi Arabia mwaka 2017 ikaikubali yoga kuwa mchezo. Naona msimamo wa kutenganisha mazoezi na ibada ndio wa busara, lakini mwalimu wa yoga ana wajibu wa kuwaeleza wanafunzi mapema kama darasa lake lina nyimbo au maneno ya dua, ili kila mtu aamue kwa dhamiri yake, na mwenye shaka amwendee shehe au padri wake.

Sasa nirudi kwenye chupa, kwa kuwa hapo ndipo pananitia hofu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa madukani katika eneo la Boston, wakakuta 14 zina madini ya sumu, yaani risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walipima nyingine 193 zilizonunuliwa kwa intaneti, na tena karibu moja katika kila tano ilikuwa na madini hayo. Baadhi huingia kwa uchafu wa viwandani, lakini lipo pia tawi la Ayurveda linalochanganya madini kwa makusudi, kwa imani kwamba yakichomwa na kusafishwa kwa utaratibu maalumu huwa dawa. Risasi haina kiasi kilicho salama kwa mtoto. Mama mjamzito anayekunywa unga wa namna hiyo kwa kuwa ameambiwa ni wa asili anamfikishia sumu mtoto aliye tumboni.

Hata mimea mitupu ina nguvu zake. Mzizi wa sarpagandha, uliotumiwa India tangu zamani, ndio uliowapa wanasayansi reserpine mwaka 1952, dawa iliyoshusha shinikizo la damu kwa kiasi cha kusifika, na ambayo pia ilihusishwa na huzuni nzito kwa baadhi ya wagonjwa. Manjano ya mchuzi kwa kawaida hayamdhuru mtu, ilhali vidonge vya manjano yaliyokolezwa vilihusishwa na wagonjwa wa ini nchini Italia mwaka 2019. Mgonjwa wa kisukari anayeacha dawa zake kwa ajili ya kopo lililosifiwa redioni anaweza kurudi kwetu akiwa amepoteza mguu.

Tanzania tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza linaloisimamia, na Muhimbili ina taasisi inayochunguza tiba asili tangu mwaka 1974, kwa hiyo vyombo vya kuanzia vipo. Naliomba Baraza, pamoja na mamlaka ya dawa, lipime risasi na zebaki katika bidhaa hizi zinazoingia nchini na kuyatangaza majibu kwa majina ya bidhaa, kwa Kiswahili. Nawaomba wauguzi na waganga wenzangu walio kazini wamwulize kila mgonjwa, kwa upole na bila kumfokea, ni dawa gani nyingine anayotumia nyumbani, kwa maana anayefokewa huficha. Na gazeti lako, Ndugu Mhariri, naliomba lisichapishe tangazo lolote la dawa inayodai kuponya kisukari au saratani bila kuonyesha namba ya usajili, na nafasi itakayobaki wapewe waalimu wa mazoezi na wataalamu wa lishe watueleze, wiki baada ya wiki, namna ya kuipanga siku.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu,
Tanga