Barua kwa Mwanangu Anayewavusha Wanafunzi Kwenda Kilwa Kisiwani

Lindi, Julai

Mwanangu mpenzi Zuhura,

Assalaam alaikum. Habari ya kuwa Jumamosi ijayo utawavusha wanafunzi wako kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, kisha Songo Mnara, na kurudi siku hiyo hiyo, nimeipata kwa kaka yako na si kwako. Nilifurahi sana, kwa sababu wapo walimu wanaosomesha habari za Kilwa miaka nenda rudi bila mtoto hata mmoja kuliona jiwe la huko. Kisha nikamwuliza kaka yako kuhusu majaketi okozi, naye hakuwa na jibu, wala wewe nilipokupigia simu hukunipa jibu la kuniridhisha.

Uliniambia kuwa Kisiwani ni karibu, kama kilomita 2 tu, na kwamba ukisimama Masoko unaiona ng'ambo kwa macho. Hayo nayajua. Lakini MV Nyerere ilipopinduka katika Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa imeshalikaribia gati la kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 walikufa katika kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101. Kwa hiyo nakusihi, kila mtoto avae jaketi lake na kulifunga kabla chombo hakijang'oa nanga, asilikalie wala kulishika mkononi, na wewe uvae la kwako mbele yao. Nahodha akikuambia kuwa bahari ni shwari na majaketi yapo chini ya mabenchi, mwamkie kwa heshima, kisha umwombe ayatoe. Una tabia ya kuwaonea haya watu wazima, nami nimekusifia kwa hilo mbele ya majirani, ila siku hiyo haya isikufunge mdomo. Kuogelea nako hujui, na hilo si kosa lako, maana si wewe uliyejikataza kwenda pwani na wenzako.

Mwezi huu ni wa kusi. Maji ya bandari ya Kilwa yamekingwa na visiwa, na asubuhi huwa yametulia, lakini upepo huweza kukaza mchana, na njia ya Songo Mnara ni ndefu kuliko ya Kisiwani. Tena huko maji yakikupwa chombo hakifiki ufukweni, na watoto hulazimika kushuka na kutembea majini kando ya mikoko. Ulizia saa za kujaa na kupwa kabla ya kupanga saa ya kuondoka, na kibali cha kuyatembelea magofu mkikate mapema Masoko, msije mkapoteza asubuhi nzima ofisini na kurudi na upepo wa alasiri. Ikiwa upepo utaamka nanyi alfajiri, basi Songo Mnara iacheni. Hakuna mzazi atakayekulaumu kwa kumrudisha mwanawe akiwa ameona kisiwa kimoja.

Kisiwani peke yake panatosha kwa siku nzima, mkipaendea bila pupa. Waketishe ndani ya Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11 na ile ya kuba iliongezwa baadaye, uwaache wautazame kabla hujaanza kusomesha. Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vilivyotoka katika bahari hiyo hiyo mtakayoivuka. Kisha wapeleke Husuni Kubwa, juu ya genge, wakaone birika la pembe nane na mabaki ya vyumba zaidi ya 100 vya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 akamsifu kwa ukarimu. Waeleze pia dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, iliyomtajirisha. Lakini usiishie hapo, kama tunavyopenda kufanya sisi watu wa pwani. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watu 1,000 kila mwaka. Wapo katika darasa lako watoto ambao asili yao ni bara, na wana haki ya kulisikia jambo hilo kutoka kwa mwalimu wao, pale pale lilipotendeka. Ulieleze mkiwa nchi kavu. Chomboni macho yako yawe kwa watoto na majaketi yao.

Na mfikapo Gereza, yaani ile ngome, usiwaambie kuwa ni la Wareno tu. Wareno walijenga ngome baada ya kuuvamia mji mwaka 1505, lakini sehemu kubwa ya jengo linaloonekana sasa ni ya wakati wa Waomani. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini, kwa kuwa bahari inakula ufukwe na kuta zinaanguka. Mtoto asipande juu ya ukuta wowote, hata kwa kupiga picha.

Hapa nyumbani fundi amemaliza kuezeka upande wa jikoni, bado bati za ukumbini, na fedha ulizotuma zimebaki kidogo. Goti la baba yako halijapoa. Ile dawa ya kuchua imekwisha, umpe kaka yako nyingine akija. Shangazi yako wa Masoko amekubali kuwapikia wali na samaki mtakaporejea, ila anataka kujua mko wangapi, pamoja na walimu. Mpelekee idadi hiyo kabla ya Alhamisi, na idadi hiyo hiyo umpe nahodha siku hiyo hiyo, ili kama majaketi yake hayatoshi apate muda wa kutafuta mengine, na akiyakosa, nawe upate muda wa kutafuta nahodha mwingine.

Wasalaam,
Mama yako