Mashua yako na theluji ya Halifax

Boston, Desemba

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Picha za mashua zimefika, na nimefurahi kwa dhati. Mlingoti umenyooka, mbao za ndani zinang'aa, na bei mliyolipa wewe na mwenzako ni kama mmepewa bure. Ila uliposema yadi ya kupandishia mashua imejaa na chombo kitabaki majini hapo Halifax mpaka Aprili, usingizi uliniruka.

Sikukatazi. Hapa Boston pia wapo wanaoacha mashua majini kipindi chote cha baridi, na wengine huishi humo humo na watoto wao. Lakini wana utaratibu wao. Sisi tumezoea Matondoni, kule kwetu Lamu, chombo kikichoka kinapandishwa mchangani, deheni ya shahamu na chokaa chini, sifa, yale mafuta ya samaki, juu, kazi imekwisha. Tulichokuwa tukikihofia ni bahari. Huku, wakati wa baridi, mashua huzama kwa theluji, ikiwa imefungwa kamba gatini, mwenyewe amelala kwake.

Hesabu yake ni hii. Chukua sitaha ya mita 10 za mraba. Ikikaliwa na theluji ya sentimita 30, ile iliyoloa, umeongeza karibu kilo 900. Ni mifuko 18 ya saruji, na upepo huirundika upande mmoja. Chombo kinainama, na matundu ya ubavuni ambayo siku zote huwa juu ya maji, kama lile la pampu inayotoa maji ngamani, chini kabisa ya chombo, yanazama. Bahari inaingia kwa njia ile ile ya kutolea maji. Pampu itapambana, lakini umeme wa gatini hukatika kwenye dhoruba, na betri ikipigwa na baridi kali hupoteza nguvu nyingi.

Kwa hiyo zoa theluji ingali inaanguka, usingoje ikome. Msimu wa 2014 hadi 2015 mji huu ulipata zaidi ya mita 2.7 za theluji, rekodi haijavunjwa bado. Aliyesema atazoa kesho alikuta nyingine juu yake. Tumia koleo la plastiki na fagio laini, maana la chuma hukwangua fiberglasi na kukata kamba zilizofichika chini. Wala usiirundike gatini: gati lenyewe linaelea.

Anza nyuma, penye usukani. Yale matundu ya sakafuni ndiyo yanayoleta balaa. Mchana theluji inayeyuka, usiku yanaziba kwa barafu, kesho yake maji yanajaa mpaka yanamwagika ndani kupitia mlangoni. Kuna mzee mmoja gatini kwetu, kila asubuhi huchuchumaa pale na birika la maji vuguvugu yenye chumvi na kijiti cha mbao. Humimina kidogo, huchokonoa, hutega sikio. Haondoki mpaka asikie maji yakidondoka baharini. Nakuomba ufanye vivyo hivyo.

Kisha maji ya kunywa yaliyobaki ndani. Yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na hakuna bomba linaloshindana na hilo. Yatoe yote, tangini, chooni, kwenye pampu, halafu pitisha dawa ya kuzuia kuganda, ile iliyotengenezwa kwa mabomba ya maji ya kunywa. Kulanti ya gari, ile ya kupozea injini, yenye ethilini glaikoli ni sumu, isikaribie tangi. Injini mwite fundi. Vali, zile zinazofunga matundu yaliyo chini ya maji, zitazame wewe mwenyewe moja moja, kwa sababu vali ikipasuka kwa baridi hutaona kitu. Barafu iliyoipasua ndiyo inayoziba ufa. Maji yataanza kuingia siku jua litakapotoka, nawe umefurahi kwamba baridi imepungua.

Wengi hapa hujenga fremu ya mbao na kufunika chombo kizima kwa plastiki nyeupe inayokazwa kwa moto, theluji ikateleza. Pesa ikiruhusu, fanya, na uache matundu ya hewa. Mkilala humo, msiwashe jiko la gesi kwa kuota moto. Kaboni monoksaidi haina harufu. Wekeni king'ora chake, na kila mkizoa theluji hakikisheni bomba la moshi la hita liko wazi.

Sasa nisikilize kwa hili. Mimi na wewe tumekulia majini, na ndiyo sababu nina hofu. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, huko huko Kanada, hufundisha hivi: ukitumbukia kwenye maji ya baridi kali una dakika 1 ya kuituliza pumzi, kama dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, na kama saa 1 kabla hujapoteza fahamu. Kuogelea kwako kwa pwani ya Shela, Lamu, hakutakusaidia kupanda gati lenye barafu. Vaa jaketi la uokoaji hata ukienda kuzoa theluji tu, jua ngazi iko wapi, na usiende peke yako usiku.

Mpeni jirani wa gatini ufunguo na namba zenu zote mbili. Nawe nitumie picha ya kila vali iliyo chini ya maji, na ya yale matundu ya nyuma. Jumamosi baada ya alasiri nitakupigia tuzipitie pamoja.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wassalaam,
Somo yako