Kuta za Thimlich Ohinga zinahitaji mafundi

Mhariri,

Mimi ni fundi wa mawe hapa Kisumu. Binti yangu anayesoma Uingereza alinitumia picha za Lacock, kijiji cha kale huko Wiltshire kilichokabidhiwa shirika la uhifadhi la National Trust mwaka wa 1944. Niliziangalia kwa jicho la kazi: kuta za mawe, miimo ya mbao iliyopinda kwa uzee. Lakini kilichonigusa hasa ni kwamba watu bado wanaishi mle, ni wapangaji, na watoto wana shule yao.

Sisi tuna Thimlich Ohinga, maboma ya kale ya mawe kule Migori, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Kuta zake hazina saruji wala udongo. Jiwe limebanwa na jiwe, na kwingine zinapita mita nne kwenda juu. Ufundi huo hujifunzwa kwa mikono, kando ya anayeujua. Naomba Makavazi ya Kitaifa na kaunti waajiri vijana wa vijiji jirani, kwa mshahara wa kudumu, wafunzwe kuzikarabati. Mabango na ua pekee havitainua jiwe lililoanguka.

Fundi wa mawe,
Kondele, Kisumu